Kamati ya Utulivu Yamsubiri Mgeni Rasmi

Wananchi wa Bukoba na Muleba walitangaziwa kwa gari la kipaza sauti kwamba sasa wamejaliwa. Kamati ya Utulivu wa Watu Wazima ingezindua huduma kwa wote waliogundulika ukubwani kuwa na usonji, au ile hali ya akili isiyokaa mahali pamoja ambayo madaktari huiita ADHD. Kila mhusika afike ukumbini Rwamishenye saa mbili kamili, aketi, atulie, amsubiri mgeni rasmi.

Edvina alifika kutoka Kitendaguro, kila mguu na kiatu cha aina yake. Yeye ni fundi cherehani. Mwaka jana, akikaribia miaka arobaini, daktari alimwambia kwamba si mvivu, ni ADHD. Alilia kwa furaha, akasahau kuuliza afanye nini. Sasa nyumbani ana gauni la bibi harusi wa Jumamosi, na gauni lina mkono mmoja. Mshauri pekee, Dada Klaudia, ametoka Mwanza na anarudi na basi la saa nane.

Ukumbini muziki wa kutuliza akili ulipigwa mpaka mabati yakatetemeka. Ildefons, mwalimu wa hesabu kutoka Muleba mwenye usonji, aliziba masikio.

"Punguzeni, waitu, jamani. Inaumiza."

"Ndiyo tiba yenyewe, mwalimu," akajibu Kahangwa, katibu wa kamati. "Anza kuzoea."

Edvina akasimama. "Bwana Katibu, naomba kumwona mshauri."

"Kaa, mama. Mshauri ana dakika tatu, baada ya mgeni rasmi, baada ya ngoma, baada ya neno la shukrani."

"Basi litakuwa limeondoka!"

"Lakini itifaki itakuwa imezingatiwa."

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mushumbusi, hakuja saa nne, wala saa sita. Edvina alitulia kadiri alivyoweza, yaani kidogo sana, kisha akatoka kunyoosha miguu. Nyuma ya ukumbi, kwenye migomba, akamkuta Dada Klaudia juu ya kreti la soda, akimsikiliza Ildefons. Wengine walishatoka zamani, huyu kukimbia kelele, yule kufuata kipepeo, na wote walikuwa wamepanga foleni bila kuamriwa na mtu. Edvina akakaa mwisho.

Mheshimiwa alipoingia, Kahangwa alimtaarifu kwamba ukumbi umetulia kupita matarajio. Kweli kabisa. Viti vitupu havikupiga hata chafya. Mheshimiwa alisoma ukurasa mmoja wa hotuba, akachezea kalamu, akachungulia dirishani, akasema anapokea simu. Simu haikuwa imeita.

Akatokea migombani, ambako foleni ilikuwa imebaki na Edvina peke yake. "Mshauri, nina dakika moja tu. Tangu darasa la kwanza sijasikiliza hotuba mpaka mwisho. Hata zangu."

Klaudia alitazama saa. Alibakiwa na muda wa mtu mmoja. Edvina, kwa mazoea, akaanza kusimama ampishe.

"Kaa, dada," Ildefons akasema. "Mheshimiwa, wewe uko nyuma yake."

Kahangwa akafika mbio. "Mwalimu! Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na mtu wa mwisho kwenye foleni."

Mheshimiwa akakaa kwenye nyasi.

"Usishone peke yako," Klaudia akamwambia Edvina. "Tafuta mtu akae pembeni yako. Asikusemeshe, asikusaidie, awepo tu. Utashangaa kazi inavyoisha."

"Mtu wa kukaa tu, asifanye chochote?"

"Huyohuyo."

Edvina aliwaza, akamgeukia katibu. "Bwana Kahangwa, Ijumaa una kazi?"

"Hana," akajibu Mheshimiwa kutoka kwenye nyasi. "Hajawahi kuwa nayo tangu nimteue. Mchukue na kamati yote."