Mvi za Siku Tano

Jumatatu, 7 Julai

Kisiwa cha Upolu kinasimama kwa nguzo mbili: ule mlima wa katikati na mimi, Pesamino. Mlima haujui kusema, kwa hiyo kazi yote ni yangu. Mwaka wa kimbunga kikubwa nilisimama ufukweni peke yangu nikakikemea, kikakata kona kwenda kuwapiga wengine. Watu wamesahau. Watu wa kijiji hiki wana kumbukumbu za kuku.

Shajara hii naianza ili atakayeandika historia yangu asipate taabu. Umri, hamsini na mbili. Shule niliacha darasa la saba. Mwalimu alikuwa ameishiwa.

Habari kubwa: Jumamosi ukoo mzima unakutana kuchagua nani avae jina la Leatuvao. Mzee aliyekuwa nalo amefariki miezi minne sasa, baada ya kulala kitandani karibu mwaka. Mwenye jina hilo ndiye mkuu wa ukoo. Ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ardhi. Ndiye anayepewa kikombe cha kava, kinywaji chetu cha heshima, kabla ya wenzake. Tena hakuna anayethubutu kumwambia akatupe taka. Mimi bado natupa taka. Aibu!

Mpinzani ni mmoja tu, binamu yangu Alapati. Mtu huyu hana kitu ila mvi. Ni mdogo kwangu kwa miaka mitatu, lakini kichwa chake cheupe kama nyama ya nazi. Akipita, watu wanainama. Mchungaji humpa mkono kabla ya wote. Akisema mvua itanyesha, watu wanaitikia kana kwamba mawingu ameyaumba yeye. Nikisema mimi mvua itanyesha, wanaanika kakao.

Siri ni nini? Nywele! Zangu nyeusi ti, kama wino wa pweza. Weusi WA KUZALIWA. Naandika kwa herufi kubwa ili pasiwe na maneno.

Nimeamua. Kufika Jumamosi nitakuwa na mvi.

Jumanne, 8 Julai

Shangazi Sieni ana miaka themanini na minne. Ndiye mkubwa wetu aliye hai, na Jumamosi watu watasikiliza yeye anasemaje. Nimempelekea samaki. Mmoja, mdogo, lakini mwenye nia. Nikamuuliza kijanja zamani watu walipaka nini kichwani. Akasema mama yake alikuwa anachoma matumbawe, anapata chokaa, anawapaka watoto kichwa kizima.

Sikungoja amalize. Chokaa ni nyeupe. Nywele zitakuwa nyeupe. Akili ya namna hii haifundishwi shuleni.

Nikachoma matumbawe nyuma ya jiko, nikakoroga, nikapaka unene wa kidole. Nikakaa juani tangu chai ya asubuhi mpaka shelisheli za mchana zikaiva. Kichwa nacho kikaiva. Sikulia. Machozi yalitoka yenyewe.

Nikaosha. Nikachungulia kwenye ndoo.

Nyekundu! Nyekundu ya kutu, kama bati la paa bovu!

Dada yangu Fuatino alikuwa anaanika nguo. Akaniuliza kwa upole, kaka, umeungua au umepaka? Nikamwambia ni jua. Akasema basi hilo jua lina ugomvi na mtu mmoja tu.

Nikarudi kwa shangazi kulalamika. Akasema ningengoja angemalizia: chokaa iliwafanya watoto wawe na nywele nyekundu, huo ndio ulikuwa urembo wa enzi zao, na chawa walikufa vilevile. Nikauliza kuhusu samaki. Alishamla.

Jumatano, 9 Julai

Mjini Apia. Saluni ya Perenise, nyuma ya soko. Mwanamke mwenye kucha ndefu kuliko subira yake. Nikamwambia nataka mvi. Akasema ana miaka kumi na minane katika kazi hii na kila anayeingia hapo anazikimbia mvi, wewe mjomba unazikimbilia, una nini? Nikamjibu viongozi hatufanani na wateja wake. Wanawake wawili waliokuwa wamefungwa mifuko ya plastiki vichwani wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nilisikitika kuona adabu ilivyoshuka mjini.

Perenise akafunua nywele zangu kwa ncha ya kitana, akasita. Kisha akasema mbele ya watu: "Mjomba, chini ya wekundu huu kuna rangi nyeusi ya paketi. Tena ya miaka na miaka. Zitagoma."

Uongo! Kashfa! Nikamwambia weusi huo ni damu ya baba yangu. Akauliza kama damu ya baba yangu inauzwa dukani, maana imeacha doa nyuma ya sikio.

Akasema kazi yenyewe inataka kurudiwa mara tatu, kichwa kikipumzika wiki nzima kila mara. Nikasema nina mpaka Jumamosi. Akasema haya, utakachopata ni chako. Akapaka dawa ya kutoa rangi. Harufu ile ingemwangusha popo mtini. Matokeo: mbele njano kama ndizi, nyuma rangi ya chungwa, juu ya masikio madoadoa. Wale wanawake safari hii hawakucheka. Walinionea huruma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Perenise akanipa chupa ya shampuu ya zambarau. Inaua unjano, akasema. Dakika tatu, kisha suuza. Akaninyooshea vidole vitatu usoni, kana kwamba mimi sijui tatu.

Nimerudi na taulo kichwani. Njiani nikakutana na Alapati amebeba mafungu mawili ya magimbi, anampelekea shangazi. Akanisalimu, "Ndugu yangu, kichwa kinakuuma?" Mnafiki. Mtu anayebeba magimbi kwenye jua lile ana njama.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepiga hesabu. Dakika tatu ni za unjano wa watu wa kawaida. Wangu mkubwa.

Nikapaka baada ya chakula cha mchana, nikafunga mfuko wa plastiki, nikajilaza kidogo kuitunga hotuba ya kulipokea jina. Hotuba nzuri ajabu. Ilinipa usingizi. Nilizinduliwa na kengele ya sala ya jioni.

Kengele ile ikilia, kila mtu huwa ndani na watu wake, hakuna kuzurura. Nikasuuza mbiombio, nikaingia, nikakaa mkekani kwa unyenyekevu. Fuatino akaanzisha wimbo. Ubeti wa pili ukamkwama kooni.

Zambarau! Kichwa kizima, kama kiazi kikuu kilichochemshwa! Jamaa zangu wote walisali macho wazi.

Baada ya sala Fuatino akaniita kando. Akasema, "Kaka, haya yote ya nini lakini? Si ungeenda tu kumchotea shangazi maji?" Nikamwambia siasa si mambo ya maji. Akarudi kusuka mkeka wake. Huyu kazi yake ndiyo hiyo: alfajiri kwa shangazi, mchana shambani, jioni mkeka. Mtu asiye na mipango kabisa.

Ijumaa, 11 Julai

Zambarau haitoki. Nimejaribu sabuni ya kufulia, ndimu, maji ya bahari, mchanga. Sasa nina zambarau safi.

Habari zimeenea. Akina mama wa kijiji wanapita nyumbani mmoja mmoja kuomba chumvi. Nyumba kumi na moja zimeishiwa chumvi siku moja! Wanasimama mlangoni, wanashukuru, hawaondoki. Mmoja alirudi kusema chumvi aliyopewa imekwisha.

Kofia haiwezekani. Katika nyumba ya mikutano hata mvua ikivuja hakuna anayefunika kichwa.

Saa kumi jioni, ufunuo. Unga wa muhogo! Mafuta ya nazi kwanza ili ushike, kisha unga, taratibu, kwa chujio la tui. Nikajitazama kwenye kioo cha Fuatino. Mzee wa heshima! Mtu ambaye ungempa ardhi bila kuombwa! Nikaiinamia sura yangu kwa heshima.

Alapati, kwisha habari yako.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kwa hasira, herufi zinaruka.

Tulianza vizuri. Nyumba ya mikutano ilijaa, kila mwenye heshima yake kaegemea nguzo yake. Nilipoingia, jamaa waliotoka kisiwa jirani cha Savai'i wakainama. Mmoja alinipisha nguzo. Alapati aliniangalia mara mbili, akasogea. Nusu saa nzima nilikuwa Leatuvao!

Kisha jua likapanda. Kisha ikafika zamu yangu.

Nilianza na kimbunga. Jasho likaanza. Nilipofika kwa yule papa niliyemng'oa jino kwa mkono mtupu, unga ulikuwa umeshakuwa uji. Ukashuka kwenye paji, ukajaa nyusi, ukaingia mdomoni. Nikaendelea. Kuku mmoja akaingia kutoka uani, akaanza kunidonoa gotini. Nikaendelea. Akaenda, akarudi na vifaranga. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yanatetemeka. Nikadhani wanalia kwa ajili ya papa.

Shangazi Sieni akauliza kuku wanatafuta nini. Mtu akamnong'oneza. Akasema basi mpeni Pesamino kijiko, asipoteze chakula.

Nyumba ikapasuka. Mzee mmoja wa Savai'i ilibidi atolewe nje.

Walipotulia shangazi akasema, na nayaandika kama yalivyo: "Mwanangu Pesamino, wewe hata ungekuja na kichwa cha kijani, mimi ningekionea wapi? Macho yangu yamekwisha tangu mwaka jana. Watu nawajua kwa miguu. Marehemu Leatuvao alipokuwa amelala kitandani pale kwangu, miguu ya Fuatino niliisikia kila alfajiri. Ya Alapati niliisikia siku za magimbi. Ya kwako nimeisikia Jumanne hii. Na samaki alikuwa mdogo."

Sasa mtu kama mimi ningejuaje? Nilijua haoni vizuri. Hakuna aliyeniambia haoni kabisa! Ukoo mzima umenificha!

Jina la Leatuvao limekwenda kwa Fuatino. Dada yangu! Anayenituma nikatupe taka! Wa kwanza kumpongeza alikuwa Alapati, tena kwa machozi. Mnafiki mpaka mwisho. Waliuliza kama yupo anayepinga. Nilikuwa napinga. Unga ulikuwa umenigandisha midomo.

Jumapili, 13 Julai

Amri ya kwanza ya mkuu mpya wa ukoo: kanisani siendi na kichwa hicho. Akachukua wembe akaninyoa mwenyewe, polepole, hakunikata hata mara moja, wala hakucheka. Hilo la kutocheka ndilo lililoniudhi. Mtu akikushinda akucheke, ujue pa kuanzia.

Kipara. Kanisa zima limevaa meupe, na mimi nang'aa katikati kama yai. Kwaya iliimba yote ikitazama kushoto, isinione ikacheka.

Wakati wa mahubiri nimewaza sana. Kosa langu nimeliona. Fuatino hana mvi hata moja, lakini nywele zake zinafika kiunoni. Kwa hiyo haikuwa rangi. Ilikuwa urefu! Nimeagiza mafuta ya kukuza nywele.

Na kuhusu maneno ya Perenise: paketi ilikuwa moja tu. Basi, moja kwa mwezi. Tangu nilipofika arobaini na nne. Ni nani asiyefanya hivyo?

Jumatatu, 28 Julai

Mafuta yamefanya kazi. Nywele zimeota nusu ukucha.

Mvi. Kichwa kizima! Nyeupe kuliko za Alapati, bila chokaa, bila saluni, bila kuku. Ijumaa kwenye kava mchungaji alinipa mkono mimi kabla ya Alapati. Jamaa walinyamaza nilipokohoa. Fuatino akanitazama vizuri, akasema, "Kaka, zinakupendeza. Ziache hivyo hivyo." Kisha akasema kuna jina moja dogo la ukoo halina mtu. Nikikituliza kichwa changu mpaka Krismasi, na miguu yangu ikisikika kwa shangazi, atanifikiria.

Jina! Langu! Nimekaa kimya tu na linakuja lenyewe!

Juzi jioni nikapita uwanja wa voliboli. Timu imepungukiwa mtu. Nikavua shati, nikanyoosha mikono, nikawaambia kidogo kuhusu siku niliyopiga mpira ukaangukia Savai'i. Wakanisikiliza kwa adabu kubwa. Kisha nahodha wao akanishika kiwiko, akaniongoza mpaka kwenye benchi, akasema, "Babu, kaa hapa kivulini utuhesabie pointi."

Babu!

Nilihesabu. Pasifiki nzima haijapata kuona pointi zilizohesabiwa vizuri namna ile. Seti tatu. Mwishoni wakanipa maji kwenye kikombe chenye mfuniko, nisimwage.

Ukweli wenyewe nauandika mara moja tu, kisha nalifunga daftari. Leo asubuhi Fuatino amekwenda shambani. Mimi nimejifungia chooni, naandikia gotini, na kichwani nimepaka paketi nzima. Nyeusi.