Kuhusu Mahema Yangu Ambayo Mtambo Wako Hauyaoni

Zablon Onyancha,
Mahema na Viti vya Sherehe,
Nyuma ya soko, Migori.

Kwa Msimamizi Mkuu wa Mtambo wa Kutafuta Mtandaoni,
Popote ofisi yako ilipo.
Kupitia kwa binti yangu Sheila, ambaye anasema anajua pa kuituma.

Mheshimiwa Msimamizi,

KUH: KUTOONEKANA KWA MTU ANAYEONEKANA

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mzima, mke wangu ni mzima, na mahema ni mazima isipokuwa moja lililochanwa na upepo kule Rongo. Natumaini mtambo wako pia ni mzima, ingawa kwa haya nitakayoeleza nina shaka kidogo.

Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti. Nimeifanya hapa Migori miaka kumi na tisa, harusi, matanga na mahafali, mpaka watu wananiita jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, ingawa mimi ni Mkisii. Shuka stendi, umuulize mtu yeyote wa boda mahema yako wapi, atakuleta kwangu bila swali la pili. Lakini ukiulizwa mtambo wako, unawapeleka watu kwa Osman. Huyu Osman ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, Mwislamu mwema, wala sina neno naye. Neno langu liko kwako.

Kiini cha mambo ni makambi. Kila Agosti sisi Waadventista hukusanyika wiki nzima kwa mahubiri, na mahema hutafutwa na kamati iliyoko Homa Bay. Katibu wake, Dada Eucabeth, hanijui. Yeye hutafuta kwa simu. Mwaka juzi alimpata Osman. Mwaka jana alimpata Osman. Mimi, mzee wa kanisa, nimekaa siku saba nikisikiliza neno la Mungu huku nikisoma OSMAN MAHEMA BORA juu ya kichwa cha mhubiri. Kamati inakutana tena Jumapili ya wiki ijayo. Sheila aliacha kazi ya ukarani huko Homa Bay ili anitengenezee tovuti, na nimemwambia kwamba makambi yakitupita mara ya tatu, tovuti tunaifunga na yeye anarudi kuiomba ile kazi. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa viti ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kwa hivyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Hakuna aliyeitaja kazi yake wazi kuliko mimi. Sheila aliandika neno hema mara sita, nikaona hizo ni aibu za wasomi. Nikaongeza mwenyewe mpaka mia moja na arobaini: hema Migori, hema Homa Bay, hema Mbita, hema hema hema. Sokoni anayeita sana ndiye anayeuza. Sheila anadai kwamba mtambo wako ukisikia kelele kama hizo unadhani mtu ni tapeli. Basi njoo umwambie hivyo mama anayeuza dagaa wa omena pale mbele, uone utakachoambulia.

2. Picha. Niliweka moja ya hema kubwa lenye kwaya nzima ndani yake, watu sitini, kila uso unajulikana. Naambiwa ni nzito, ati mtu akianza kuifungua Migori inamaliza kufunguka akiwa Rongo. Sasa mheshimiwa, hema lenyewe ni zito. Ningeweka picha nyepesi, si ningekuwa nadanganya? Naambiwa pia kwamba mtambo wako hauelewi picha vizuri mpaka uandikiwe kilichomo. Kwa hilo nakupa pole ya dhati, lakini kuuliza si ujinga, na mimi nipo dukani kila siku.

3. Ni kweli maelezo ya tovuti yangu yanafanana na ya Osman. Yanafanana kwa sababu niliyanakili, na niliyanakili kwa sababu ni mazuri. Nilimwomba ruhusa, akanipa pamoja na chai. Kwa bahati mbaya nilinakili na nambari yake ya simu, hivyo kwa wiki mbili wateja wangu walikuwa wakijibiwa na yeye, lakini hilo tulilimaliza kijirani. Wewe ndiye uliyekataa kulimaliza. Umeamua kwamba Osman ndiye mwenye maneno na mimi ni kivuli chake. Je, umri uliuangalia? Osman anazaliwa mimi nina ndevu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Tovuti yangu inashika Sabato. Jua likitua Ijumaa Sheila anaizima, na jua likitua Jumamosi anaiwasha. Niliagiza hivyo mwenyewe. Sheila alibisha mpaka nikamkumbusha nani ni baba. Nionyeshe tovuti nyingine katika kaunti hizi mbili inayomcha Mungu kiasi hicho. Na usiniambie kwamba kufunga ndiko kunakoniponza, maana Osman naye hufunga Ijumaa mchana. Hutundika kikaratasi mlangoni, Tumeenda msikitini, tutarudi saa nane, na kwenye tovuti yake huweka maneno hayo hayo. Yeye bado unampenda.

5. Kwa sababu hizo naomba Osman awe wa pili, kwa miezi miwili tu. Kama hilo ni gumu, basi wafanyabiashara wote wapangwe kwa umri, jinsi tunavyowapanga wageni kwenye meza kuu. Kama nalo ni gumu, tuma mtu akae chini ya hema langu saa nzima, ikiwezekana mvua ikinyesha. Na kama yote haya yamekushinda, haki inataka mtambo wako uzimwe dunia nzima kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Mimi nimeweza. Wanaotafuta vitu siku hiyo watangoja, na hakuna atakayekufa kwa kukosa kiti cha plastiki.

Nisalimie wafanyakazi wako wote, hasa yule anayepanga majina. Mwambie sina kinyongo naye. Mke wangu anakusalimu na ana swali kuhusu ukungu kwenye turubai, ila atakuuliza mwenyewe. Osman pia anakusalimu. Anasema asante.

Wako ninayengoja kuonekana,
Zablon Onyancha,
Mzee wa Kanisa.

Baada ya sahihi: Sheila ameisoma barua hii kabla ya kuituma, kisha akanionyesha orodha ya wanaotembelea tovuti yetu. Kumbe mjumbe wa mtambo wako, yule anayezunguka kukagua tovuti, amekuja kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa miezi kumi na moja. Sheila anasema mtandaoni mlango hufungwa kwa njia mbili. Moja humwambia mgeni tumefunga, urudi baadaye. Nyingine humwambia hapa hapana kitu, na mgeni akiambiwa hivyo mara nyingi hulifuta jina lako. Osman hutumia ya kwanza. Mimi niliagiza tovuti izimwe tu bila tangazo lolote, kwa kuwa niliona tangazo nalo ni kazi, na kazi Sabato ni dhambi. Kwa hivyo umepiga hodi zaidi ya mara arobaini, na kila mara mimi mwenyewe nimekujibu kwamba sipo.

Sheila alilijua hili tangu mwezi wa pili wa tovuti. Alinyamaza kwa sababu nilikuwa nimemkumbusha nani ni baba. Nimeona aibu, na nimemwomba msamaha mbele ya mama yake.

Malalamiko yote yafute. Kikaratasi tumekiandika leo, Osman akitusaidia maneno: Tumeenda kanisani, tutarudi jua likitua. Nakusihi usiuzime mtambo wako Jumamosi hii. Njoo saa tatu kama kawaida yako, ukisome. Na hata Dada Eucabeth akimpata Osman kwa mara ya tatu, Sheila haendi popote.