Mwanamke wa Kwenye Kioo cha Gari

Leo nimeaibishwa na mashine, tena mbele ya wakwe. Bado nina hasira, mnisamehe.

Asubuhi nimetoka Butembo na shangazi yangu kupeleka mbuzi wa mahari kwao Masika, mchumba wangu, kule Mulekera, Beni. Gari la kuazima. Skrini yake ya kuonyesha njia inaongea Kijapani na inaamini tuko baharini. Ramani ya simu inataka mtandao, na barabarani mtandao hakuna. Basi nikabandika kwenye kioo kidude alichoniachia binamu wa Ubelgiji, chenye ramani na betri yake na sauti ya mwanamke, nikakielekeza kwa wakwe. (Najua, barabara ya Beni ni moja. Nilitaka wakwe waone.)

Kumbe hakijui kwamba kuna vita! Kilitaka tukate kupitia msituni, njia ambayo siku hizi haipiti mtu. Nikakataa. Kikanuna. Kila mara: "Faites demi-tour," yaani geuza gari, urudi. Shangazi akauliza nani amemlipa huyu mama aharibu ndoa yetu.

Tukafika kwenye kizuizi cha askari. Kama kawaida, watu wote wanashuka na kuvuka kwa miguu. Nikaitwa kibandani kuonyesha kitambulisho. Askari mmoja akalisogelea gari lililobaki na mbuzi tu, na ndani sauti ikamwambia ageuze. Akaruka nyuma.

"Eh, maman, shuka! Batu yote banashuka, na weye unanirudisha miye?"

Maman hakushuka. Nikaeleza kuwa ni mashine. Hakuna aliyeniamini. Wakatoa mbuzi, wakainua viti, wakachungulia mpaka uvunguni. Watu wa pikipiki waliokuwa kwenye foleni wakacheka weee, kisha wakavuka, wakaelekea Beni.

Na habari wakatangulia nayo. Tulipofika kwa wakwe hakuna aliyeimba. Baba mkwe aliniuliza taratibu:

"Mutoto yangu, ule mwanamuke ulificha mu motokari, ule anakuambiaka urudie, iko wapi?"

Nikatoa kidude mfukoni kwa fahari. Kimya. Betri imekwisha. Njia nzima kimenipigia kelele, na ninapokiomba neno moja tu, kimekufa! Nikamgeukia shangazi anitetee. Akasema sauti ya mwanamke kweli aliisikia, ila mambo ya vijana yeye haelewi. (Shangazi wa damu kabisa, jamani.) Masika akaingia ndani, akafunga mlango.

"Mbuzi tunapokea," mkwe akasema. "Lakini weye, rudia kwanza Butembo, ulete ule mama, tumusikie na masikio yetu."

Tumeondoka na njaa, fufu, ugali wa muhogo, tumeishia kuinusa tu. Nikakichomeka kidude kwenye chaji ya gari. Tulipotoka tu nje ya mji, kikaamka: "Faites demi-tour."

Kwa mara ya kwanza nimemtii. Sasa hivi nimesimama mlangoni kwa wakwe, kidude mkononi, familia nzima imenizunguka inasikiliza. Na kwa kuwa kimefika kilikotaka, hakina tena la kusema.

Msicheke. Kiombeeni kiongee.