Siku Niliyowaimbia Ngedere wa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika hadi kisogoni. Mbele ya mke wangu. Mbele ya mama mkwe. Mbele ya kijiji kizima, na sitii chumvi, maana ambao hawakufika ni wagonjwa na mbuzi tu.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkasema nimeruka kipande.

Mnanijua. Mimi ndiye yule mwalimu wa hesabu wa Kibaha anayebishana humu kundini kila wiki kwamba muziki wa roki bado uko hai. Mnanicheka. Mnaniambia, "Ticha, roki ilishakufa, zimebaki fulana tu." Nami nakasirika, kwa sababu hilo ni donda langu. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulikuwa na bendi. Watu watatu, magitaa mawili, na ngoma za kuazima kanisani. Tuliiita Radi Kavu. (Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nisameheni.) Tulirekodi wimbo mmoja tu, unaitwa "Toka!" Mwimbaji nilikuwa mimi. Kuimba kwenyewe ni kupiga ukelele kwa dakika nne mfululizo. Tuliupeleka redioni, redio ikanyamaza. Mpiga gitaa mwenzangu sasa anauza saruji, mpiga ngoma ni mzee wa kanisa, na mimi nafundisha pembetatu. Tangu hapo sijawahi kumsikia mtu akiupiga wimbo ule kwa hiari yake.

Mpaka leo saa tatu asubuhi.

Leo tulikwenda Mzenga, kwa mama yake Tabitha, mke wangu. Tulitoka kwetu Mbwawa, hapa Kibaha, kwa pikipiki yangu, tukapita Mlandizi, tukaingia barabara ya vumbi na kikapu cha mkate na sukari. Haikuwa safari ya kusalimia tu. Mama ana miaka sitini na tisa, goti moja bovu, na shamba la mahindi analolilima na kulilinda peke yake. Mwaka jana ngedere walimwachia mabua matupu. Tabitha na kaka zake wakakata shauri: mahindi yakiliwa tena mwaka huu, mama anahamia kwetu, atake asitake. Chumba tumeshapaka rangi. Mama mwenyewe hataki hata kusikia. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, kaburi la mzee liko pale pale nyuma ya migomba, na ukimtajia Mbwawa anakuuliza, "Huko nani ananijua?" Kwa hiyo tulikuwa tunakwenda kukagua mahindi, lakini sote tulijua tunakwenda kuamua mama ataishi wapi.

Tukafika. Nikazima pikipiki uani. Nikasikia gitaa.

Gitaa la roki! Linatoka shambani! Nilisimama na helmeti kichwani.

"Tabitha! Unasikia? Mzenga kuna mwanaroki!"

Tabitha aliinamia kikapu. Ghafla alikuwa na kazi kubwa sana ya kufungua kamba ya kikapu.

Nikaanza kukimbilia shambani kumkumbatia ndugu yangu huyo nisiyemjua. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Ndipo mwimbaji akaanza: "TOKA! TOKA! TOKA MAISHANI MWANGUUU!"

Nilikuwa mimi.

Mama mkwe akatokeza kwenye mahindi, kajifunga kanga kiunoni, debe mkononi, uso umemkunjuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Umemsikia kichaa wangu?"

"Kichaa gani, mama?"

"Huyo anayepiga kelele. Tabitha aliniletea kwenye flashi. Baba, huyu mtu ni mkombozi! Mwanzo ngedere niliwawekea taarabu. Wakakaa juu ya mti, wakasikiliza mpaka mwisho, ndipo wakashuka kula. Nikaweka singeli, wakala kwa kasi zaidi. Kwaya niliona haya, nitawawekeaje neno la Mungu huku wanaiba? Lakini huyu! Akifungua mdomo tu, hawageuki nyuma."

Nikauliza, kwa upole kabisa, "Kwani ana sauti mbaya sana?"

Mama akafikiri. "Siyo mbaya, baba. Ni sauti ya mtu aliyeunguliwa na nyumba."

Mama hakujua. Tabitha alimficha mwimbaji ni nani, kwa heshima yangu. (Heshima gani tena!) Nikamvuta pembeni.

"Umewapa nyani wimbo wangu?"

"Ngedere," akanisahihisha. "Na nilijua utakasirika, ndiyo maana nikanyamaza."

Nilikasirika kweli. Miaka yote nawaambia watu roki iko hai, kumbe kazi iliyopata ni ya kutishia wanyama. Nikasema nakwenda kuangalia spika. Ilikuwa imefungwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia shamba. Nikapanda. Nia yangu ilikuwa kupunguza sauti tu, naapa. Lakini mtu aliyeumia hapunguzi, anachomoa. Mama alikuwa ameikaza flashi na kipande cha mpira wa baiskeli isije ikaanguka. Mimi sikuuona. Nikavuta kwa upande, kwa hasira.

Ka!

Nusu ya flashi mkononi mwangu, nusu ndani ya spika. Shamba lote kimya.

"Baba," mama akaita kutoka upande wa pili, "mbona kichaa kanyamaza?"

Nikashuka mbio. Nikamwambia Tabitha auweke wimbo kutoka kwenye simu yake. Akasema aliufuta, simu ilijaa video za kitchen party ya dada yake. Na sidii yetu ya zamani, alikoutoa? Ilikuwa na mikwaruzo, ilikubali kusoma mara moja tu halafu ikagoma. Kwenye dunia hii wimbo wa Radi Kavu ulikuwa umebaki kwenye flashi moja, na nilikuwa nimeishika nusu yake.

Hazikupita dakika kumi ngedere wakaja. Alitangulia dume mmoja. Akakaa mwisho wa mstari, akaitazama spika, akanitazama mimi. Mtazamo ule naujua, ni wa darasa ambalo mwalimu kaitwa ofisini. Akanyoosha mkono, akavunja hindi, akaanza kulimenya taratibu kama yuko kwake. Nyuma yake wakashuka wengine. Sikuhesabu, na mimi ni wa hesabu.

Mama alipiga debe, wakasogea mistari miwili. Tabitha alirusha mawe, wakamzunguka. Mimi nilikimbia huku na huko nikipunga kofia, na nadhani walinichukulia kama burudani. Mama naye akakimbia na lile goti lake. Akajikwaa kwenye tuta, akaanguka kwa mikono.

Tukamkimbilia. Hakulia. Alikaa pale chini, akakung'uta udongo viganjani, akalitazama shamba lake likivunjwa.

"Basi," akasema. "Nitafunga mizigo."

Jamani, sijawahi kusikia maneno matatu mazito namna ile. Na kosa lilikuwa langu. Siyo la ngedere, wao wana njaa zao. Ni mimi niliyemnyamazisha kichaa wake kwa sababu ya majivuno.

Sasa nawaomba mwelewe. Nina miaka kumi na tano tangu nioe, na mbele ya mama mkwe sijawahi kupandisha sauti. Hata chumvi naiomba kupitia kwa Tabitha. Ukwe ni ukwe. Lakini nilipanda dungu, nikafumba macho, nikavuta pumzi yote iliyoko wilaya ya Kisarawe.

"TOKAAAAA!"

Yule dume akaruka na hindi likamponyoka. Alinitambua! Miaka yote natafuta msikilizaji atakayenijua kwa sauti tu, leo nimempata, ana mkia.

"TOKA! TOKA! TOKA MAISHANI MWANGUUU!"

Wakaanza kukimbia. Nikaingia ubeti wa pili, na ubeti wa pili ndio mbaya, kuna mahali unakoroma. Nikakoroma. Nikatikisa kichwa, kofia ikaruka. Mara nikasikia ngoma nyuma yangu. Mama mkwe! Kasimama na goti lake, anapiga lile debe, na anapiga kwa mpangilio kabisa! Nikasahau ngedere. Nikasahau ukwe. Nilipiga magoti juu ya dungu nikipiga gitaa ambalo halipo, (ndiyo, nililipiga, na nilitumia meno pia,) nikamalizia kwa ule ukelele wa mwisho ambao kwenye rekodi ulikuwa wa sekunde kumi. Leo ulikuwa mrefu zaidi. Nilikuwa na mengi moyoni.

Nikafumbua macho.

Kando ya shamba kulikuwa na watu kama arobaini.

Kina mama wamejifunga kanga, mikono kichwani. Wanaume wawili wamebeba jamvi. Mwingine kaja na benchi. Mzee Kibwana, jirani wa mama, kavua kofia kaishika kifuani. Mnaelewa? Sauti ya mtu inayopasuka vile, asubuhi, kutoka kwa mjane anayeishi peke yake, na debe likigongwa, Mzenga ina maana moja tu. Walikuja msibani.

Mimi nipo juu ya dungu, nimepiga magoti, jasho linanitiririka, gitaa la hewani bado mkononi.

Mzee Kibwana akasogea mbele. "Poleni sana," akasema. "Nani katutoka?"

"Hakuna aliyekufa," mama akajibu. "Huyu ni mkwe wangu. Anaimba."

Mzee Kibwana akairudisha kofia kichwani.

"Anaimba?"

"Anaimba."

Akaninyooshea kidole. "Kwa hiari yake?"

Nilitamani ardhi inimeze na dungu lake. Mwenye benchi akaliweka chini, akalikalia, akacheka mpaka akaegemea jamvi la wenzake. Kicheko kikawashika wote. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kulia na hakunyamaza. Walipomwambia hakuna msiba alisema, "Niacheni nimalize, namlilia yule wa mwaka jana." Na wale waliosema humu roki imekufa wajue kwamba leo watu walikuja na majamvi kuizika, wakaikuta ina jasho.

Lakini ngedere hawakuwepo. Hata mmoja! Watu wakaingia shambani na mama, wakatembea mstari kwa mstari. Waliokuwa wamekuja kumzika mtu wakasaidia kuyasimamisha mabua yaliyolala. Mahindi yaliyoliwa hayafiki hata kapu moja. Mengine yote yamesimama, na wiki mbili zijazo yanavunwa. Tabitha akampigia kaka yake mkubwa simu pale pale shambani: mama hahami.

Kisha tukarekodi upya, kwa simu yangu ya akiba. Mimi sauti, mama debe, na kijiji kizima kikiitikia "Toka!" Mzee Kibwana ana besi ambayo Radi Kavu hatukuwahi kuipata. Simu nimeiacha huko, imeunganishwa na spika kwa waya, na safari hii wimbo umehifadhiwa kwenye simu tano.

Tulipokaa kula ugali, mama akanitazama. Niliinamisha kichwa, nikijua nasemwa.

"Kumbe yule kichaa ni wewe."

"Nisamehe, mama. Na flashi nimeivunja mimi."

"Flashi siyo kitu. Baba, mimi kila jioni namwombea yule mtu. Namwambia Mungu, huyu anayelia hivi, aliyemfukuza moyoni mwake amrudishe, nyumba yake ipone. Sasa niambie, nani alikuumiza vile?"

Nikamtazama Tabitha. Tabitha akatazama mboga.

"Ni huyu, mama. Tukiwa chuoni aliniacha miezi mitatu."

Mama akaacha tonge hewani. Akamtazama binti yake, akanitazama mimi. Akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika, mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Basi Mungu ana haraka," akasema. "Alinijibu kabla sijaomba."

Halafu akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu siku ya ndoa. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Kwa kelele zako nimebaki kwangu." Nami nilimmiminia maji ya kunawa, maana sauti ilikuwa imekauka. Nashukuru, jamani. Nashukuru redio zilinyamaza. Wimbo ungepigwa mjini wiki mbili na kusahauliwa. Leo umemlinda mama nyumbani kwake, na sijui kama kuna wimbo wangu mwingine ungeweza kufanya hivyo, maana sina mwingine.

Sasa hivi niko Kibaha nakunywa tangawizi, sitoi hata mlio. Mnataka kucheka, nawaona. Chekeni, ila mjirekodi mkicheka mnitumie: upande wa chini wa shamba kuna nguruwe pori, na mama anatafuta sauti ya pili.