Yule Mjomba wa Kwenye Kidude Si Mimi

Kwa Mwenyekiti wa Chama cha Wacheza Dama wa Mtaa Wetu,
Kibanda cha Kinyozi.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu hapo ulipo na mikasi yako mkononi. Mimi ni mzima wa mwili. Kinachoumwa ni jina langu, limelala hoi tangu Jumamosi.

Najua mabanda yetu yanatazamana na ningeweza kukuita tu ukavuka barabara. Lakini siku hizi nikitokeza kichwa kibanda chako chote kinacheka, hata mtu aliyenyolewa nusu. Kwa hiyo naandika, na naandika mwenyewe. Shule sikukaa sana kwa sababu mwalimu aliona nimeshaelewa. Mwandiko wangu unaujua, ndio ule ule wa PANCHA HAPA ambao madereva wanausoma wakiwa kwenye mwendo.

Nianze na yale unayoyajua, yaingie kwenye kumbukumbu za chama. Mimi ndiye fundi pancha, ninayeitwa Hafungiki na wakubwa kwa wadogo. Jina hilo sikujipa. Nililitaja tu, watu wakalipenda. Tangu ubao wa dama uwekwe kwenye baraza ya banda langu hakuna aliyenifunga, si dereva, si askari, si wewe. Ndiyo maana ninyi wote mnakalia matairi na mimi nakalia kiti chenye mgongo, ambacho kwa sheria yetu ni cha bingwa. Sasa nasikia kikao cha Jumapili kina ajenda moja tu, kuninyang'anya kiti hicho na kumpa Mama Mkaa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kidude chenyewe. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, yule fundi simu wa hapo ubavuni kwangu, alinunua kidude cha gemu. Kinaenea kwenye viganja viwili, kioo juu, vitufe chini. Si kibaya kwa kukitazama. Nikamwuliza gemu zake ziko wapi, akasema, "Mjomba, hiki unatia za kutengeneza mwenyewe." Waliokiunda wamekiacha wazi. Skrubu zake ni za kawaida, ramani ya ndani wanamgawia yeyote anayeitaka, na mtu mwenye kompyuta anaandika gemu yake anaitia humo bila kumwomba mtu ruhusa. Ni kama nyumba ya msiba, kila anayepita anaingia anakaa. Na kwa kuwa ramani anayo, mpwa wangu akaunda vingine kwa vioo vya simu mbovu, akaviazimisha mtaani. Mimi nimeziba matairi maisha yangu yote na sijawahi kumwonyesha mteja jinsi ninavyopaka gundi. Nampa mgongo. Fundi asiye na siri anakula nini?

2. Kuigiza. Kidude hiki hakina tabia yake chenyewe. Zipo programu za kukifanya kijifanye mashine nyingine, zile za zamani ambazo hazitengenezwi tena, na gemu zake zinacheza humo kama zimerudi nyumbani. Hilo sikuliona baya. Kuiga mashine iliyokufa hakumuumizi mtu. Kumbe muda wote mpwa wangu alipokuwa akikaa nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai, mimi nikidhani ananihusudu, alikuwa ananisoma. Ameandika gemu ya dama, na mchezaji aliyemo ndani ni mimi niliye hai. Gemu inaitwa Mjomba. Ana kofia yangu. Anaanza na kete ya pembeni kama mimi, anakuachia mbili za bure kama mimi, halafu anakula tatu. Ukichelewa kucheza anaandika pale chini, "Mwenzangu, umelala au unasali?" Hayo ni maneno yangu. Sikuulizwa.

3. Hapa ndipo nilipoumia. Yule Mjomba wa kwenye kidude akiona anaelekea kufungwa, anaandika, "Kuna mteja, nakuja," na kioo kinazima. Ukiwasha tena, kete zimepangwa upya na anakuambia mlikuwa sare. Mtaa umecheka mpaka muuza maji kamwaga ndoo. Ndugu Mwenyekiti, mimi ni fundi. Kuitwa na wateja ndiyo kazi yangu. Kama wateja wangu wana mazoea ya kufika wakati nimebakiwa na kete mbili, waulizwe wao.

4. Mpwa wangu angeishia hapo ningemsamehe, ni damu yangu. Lakini gemu yenyewe aliigawa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, na fundi cherehani wa pale kona akaifungua akamwondoa mteja. Kamwondoa kabisa. Sasa Mjomba hana pa kwenda, anakaa mpaka mwisho, anafungwa. Nilimfuata nikamwuliza nani kampa ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu. Akanijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa chake, "Mzee, mlango haukuwepo." Tena akaongeza kitufe cha kurudi nyuma. Ukikosea unabonyeza, kete zinarudi zilikotoka, unajaribu njia nyingine. Yaani mtu ananifunga huku akiruhusiwa kukosea anavyotaka. Kwenye ubao wangu kete ikiguswa imeguswa, isipokuwa kama nimeigusa mimi kwa bahati mbaya.

5. Mama Mkaa. Wote tulikuwa tukimwona amekaa kimya juu ya magunia yake ya mkaa huko ng'ambo ya barabara, macho mapajani, tukadhani anasoma meseji. Alikuwa ananicheza mimi. Jumamosi akaja, akafuta mikono, akaketi kwenye tairi, akasema, "Shikamoo Mzee, panga." Nikapanga kwa kumhurumia. Kila mtego niliouweka aliuzunguka kama mtu anayelijua dimbwi la mlangoni kwake. Nilipobakiwa na kete mbili mteja akafika, mteja wa kweli, mwenye baiskeli, mashahidi wapo. Nikainuka. Yule bwana akasema, "Wewe kaa tu Mzee, sina haraka," akaegesha baiskeli yake akaja kuangalia. Nikakaa. Kilichofuata unakijua, maana aliyepiga makofi wa kwanza ni wewe.

Sasa sikiliza hoja zangu, nimezifikiri vizuri.

Mama huyu hakunifunga mimi. Alifundishwa na Mjomba, na Mjomba katoka kwangu, kwa hiyo alichonifungia ni changu. Mwanafunzi akifanya vizuri anayepongezwa ni mwalimu, na mwalimu habanduliwi kitini. Tena kama michezo ya kwenye kidude ni michezo, basi ihesabiwe yote. Mama mwenyewe amekiri mbele ya watu kwamba siku za mwanzo Mjomba alimfunga na kumfunga mpaka akataka kukitupa kidude jikoni. Ukizijumlisha hizo na ile moja ya Jumamosi, bado naongoza. Zile alizoshinda baada ya fundi cherehani kumwondoa mteja hazimo kwenye hesabu, maana hapo Mjomba alikuwa ameshaharibiwa, hakuwa mimi tena.

Na chama kikishikilia kwamba Mjomba ni mimi moja kwa moja, sawa, sibishi. Ila ujue nimo kwenye kidude cha mpwa wangu, nimo kwa fundi cherehani, nimo kwa Mama Mkaa, nimo kwa muuza maji na kwa wengine ambao hata sijui majina yao. Nikijihesabu popote nilipo, mimi ni wanachama wengi kuliko ninyi mliobaki, na kila mmoja wangu ana kura. Sitaki makuu. Lakini uchaguzi ukiitishwa leo uenyekiti ni wangu. Najua hauitishwi. Sanduku la kura umeligeuza la kuwekea taulo, na kufuli lake limeshika kutu. Ndiyo maana nilitegemea wewe kuliko wote utanielewa ninaposema vitu vingine vikae vimefungwa.

Naomba basi kikao kimwagize mpwa wangu amrudishe mteja. Kitufe cha kurudi nyuma kitolewe. Waliokiunda kile kidude waandikiwe wakizibe kwa gundi, na gundi nitatoa mimi. Mama Mkaa arudi kwenye tairi. Haya yasipofanyika naingiza ubao wangu ndani, nafunga mlango, mtachora dama yenu mchangani.

Wasalimie wateja wako, walionyolewa na wanaosubiri. Msalimie shemeji, mwambie tairi la toroli lake liko tayari. Fundi cherehani naye msalimie, ila usimsalimie sana.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu, na bingwa mpaka dakika hii,

Hafungiki.

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Kidude kimoja kiko kwangu tangu jana, nilikichukua kwa mpwa wangu kiwe ushahidi, na katika kukikagua nimecheza kidogo na yule mzee. Ndugu Mwenyekiti, ni mgumu. Anakuachia kete mbili, unazila kwa furaha, na hapo hapo umekwisha. Mke wangu ameweka chakula kimepoa, nimemwambia anisubiri nimmalize huyu kwanza, naye hamaliziki. Kumbe ndivyo mlivyokuwa mkijisikia mkikaa upande ule, poleni. Kitufe cha kurudi nyuma naomba kisitolewe kwa sasa, na fundi cherehani asiguse kitu. Na kama Mama Mkaa atapata nafasi akishafunika magunia yake, avuke barabara aje anionyeshe anapitia wapi, maana mimi nimejaribu kila upande. Akija akae kwenye kiti. Siwezi kufundishwa na mtu aliyekalia tairi.