Kamba ya Emna na Kuskusi Yangu

Kwa Mheshimiwa Daktari Hichem, mtoto wa mdogo wangu,

Tangu Ramadhani hujakanyaga Nabeul. Au barabara ya kutoka Tunis imeliwa na panya? Mimi kalamu siijui. Anayeandika ni mjukuu wangu Emna mwenyewe, mwenye miaka tisa na kimo cha miaka sita. (Hapo aligoma kuandika, nikamfinya.)

Ulisema aruke kamba kila siku, ale, alale mapema, kwamba mtoto akihema na kutoka jasho homoni ya ukuaji huamka mwilini. Ukasema asipoongezeka kufikia mwezi wa tisa mtamtoa damu, na pengine achomwe sindano kila siku. Kwa hofu ya sindano nilikubali. Sasa nalalamika rasmi.

1. Anaruka juu ya paa, palepale ninapoanika kuskusi, punje zetu za ngano za kula mwaka mzima. Akitua, punje nazo zinaruka. Jirani Habiba ananipigia kelele, "We Mannoubia, kuskusi yako imealikwa harusini?"

2. Anakula kama mvunja mawe. Zamani nilimbembeleza kwa kijiko. Juzi alifuta sahani yake, akaitazama yangu, akasema, "Bibi, wewe si umeshashiba?"

3. Saa mbili na nusu usiku amelala kama gogo. Umbea wa mtaa nimpe nani, paka?

4. Hili ndilo kubwa. Kamba ina ncha mbili: moja tumeifunga msumarini, na ya pili naishika mimi. Alhamisi nikampa Emna ncha yangu, nikaruka mwenyewe. Nikatoka jasho. Sasa homoni hiyo itajuaje nani mtoto? Nina miaka sabini na mmoja, na sanda niliyoileta kutoka Makka ilikatwa kwa kimo changu. Nikirefuka, nizikwe miguu nje?

Kwa hiyo naomba uandike, kwa muhuri, kwamba Emna akae kitako.

Msalimie mkeo, mama yako mnunaji, na yule bawabu wa hospitali aliyenipa kiti.

Mimi, mwenye nyonga inayouma,
Mama yako mkubwa Mannoubia

Nyongeza: Nimemsimamisha Emna penye mwimo wa mlango, tunapomtia alama ya hina kila Idi. Amepita alama ya mwisho kwa vidole viwili! Nimempima mara tatu, ya tatu nimemshika visigino. Nikajipima na mimi kwenye alama yangu ya ubibi harusi: nimeshuka vidole vinne. Sanda inatosha. Muhuri wako kaa nao. Kuskusi nimeihamishia kwa Habiba. Ukija, lete kamba ndefu na uvae raba. Zamu ya kwanza ni yako.