Pingamizi la Ndoa Kutokana na Ziwa la Mlimani

Kwa Baba Paroko,
Parokia yetu,
Kigoma.

YAH: KUOMBA TANGAZO LA NDOA YA FRIDA LISISOMWE

Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Naamini umeitikia hata kama uko peke yako mezani.

Mimi ni Leonia, mama Frida, yule wa dagaa wa Kibirizi, kwaya sauti ya pili. Jumapili ijayo utatangaza kwamba binti yangu Frida, mwalimu huko Tukuyu, anataka kufunga ndoa na Alphonce, kijana wa hukohuko, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni milimani. Kisha utasema mwenye pingamizi aje kwako. Sitaki kungoja nisimame mbele za watu. Pingamizi ninalo, Baba, na pingamizi lenyewe ni ziwa.

Mwezi uliopita mimi na mume wangu Erasto tulikwenda Tukuyu kuwaona wazazi wa kijana. Watu wazuri, sina neno. Kesho yake Alphonce akasema anatupeleka matembezi ya siku nzima kwenye ziwa la volkeno, sisi wanne tu, bila haraka. Nikavaa viatu vya kanisani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ziwa liko juu. Nimezaliwa kando ya Tanganyika, na ziwa ninalolijua mimi mtu huliteremkia. Mungu aliweka maji chini ili hata kiwete afike. Hili tulilipandia, msituni, kwenye tope, na tulipofika kileleni tukaonyeshwa liko kule chini, tulichungulie.

2. Ziwa halina kazi. Hakuna mtumbwi, hakuna wavu, hakuna hata mwanamke mmoja anayegombana na mchuuzi. Nikauliza wanavua nini humu. Alphonce akasema watu huja kutazama utulivu. Basi nikautazama. Niliumaliza kabla Erasto hajapata pumzi. Nikauliza sasa tunafanya nini, akasema tunaendelea. Tena akatueleza kwamba zamani pale palikuwa na moto, na kwamba moto wa namna ile haufi, hulala tu. Yaani amemkalisha mama mkwe wake mdomoni mwa moto uliolala, ndipo amkatie parachichi. Nilisali rozari nzima kwa kunong'ona, nisiuamshe.

3. Chai. Kwetu matembezi ni kwaya nzima, sufuria la pilau, na mtu mmoja wa kupotea ili tuwe na la kusimulia. Huko hakupotea mtu. Alphonce alitandika kanga, akamimina chai, akanipa mimi kwanza, kabla ya Erasto. Nimekaa katika ndoa miaka mingi, Baba, na sijawahi kunywa chai ya kwanza. Tangu turudi, kila nikimpa Erasto kikombe chake namtazama mpaka ananiuliza kama nina homa. Hivyo ndivyo kijana asiye hata na pete alivyovuruga nyumba yangu.

4. Kubebwa. Hili nakwambia wewe tu, ingawa Kibirizi nzima wanalijua. Wakati wa kurudi niliteleza, kifundo kikapinda. Wewe unajua sisi Waha, mama mkwe na mkwewe hata mkeka mmoja hawakalii. Alphonce akaomba radhi, akageuza uso kwa heshima, akachuchumaa. Nilikataa kwa Kiswahili, nikakataa kwa Kiha, mvua ikaanza, nikapanda bila lugha yoyote. Erasto, badala ya kuona haya, akapiga picha akaituma kwenye kundi la jumuiya. Kabla hatujafika kwenye gari, Yunisi mwenyekiti wetu alikuwa ameshaandika: "Mama Frida, anaolewa mtoto au unaolewa wewe?"

Na huko mgongoni, kwa kuwa hatukutazamana, nilimwambia kijana mambo ambayo hata Erasto sijamwambia: kwamba binti ninaye huyu mmoja, na Tukuyu ni mbali, na siku wakinipigia simu kwamba anaumwa, huenda nikafika ameshazikwa. Alinisogeza juu kidogo, kama mama anavyomweka sawa mtoto anayeteleza.

5. Hapo ndipo penye sheria. Abebwaye mgongoni ni mtoto, na ambebaye ni mama yake. Basi Alphonce ni mama yangu. Mama yangu ni bibi yake Frida. Na Kanisa halifungishi ndoa ya bibi na mjukuu. Nilimuuliza katekista Jeremia. Alisema hilo halimo katika mafundisho, kisha akaondoka haraka, nami nimelichukua kuwa ndiyo.

Kwa hiyo naomba usitangaze. Ikishindikana, Kanisa lifanye mpango ziwa lile lihamishiwe Mwandiga hapa jirani, ili nimfikie mwanangu kwa gari moja tu.

Wasalimie masista wote, wanakwaya wa sauti ya kwanza pia japo hawastahili, na mpishi wako, mwambie dagaa wangu huoshwa kwanza ndipo wakaangwe.

Ni mimi muumini wako, mwenye kifundo kilichovimba,
Leonia, mama Frida.

N.B. Barua hii anakuletea Alphonce mwenyewe, amefika jana kwa ajili ya tangazo. Watu hapa nyumbani ni wengi, ila wa kumkabidhi bahasha bila kuichungulia nimemwona yeye tu. Mpe chai, ametembea juani. Jibu lako mpe yeye alete. Akilileta mtu mwingine sitalipokea.